Pale Zanskar Unapoacha Jina

Kila siku husimamisha teksi pale pale,
ukingoni, penye mawe yaliyopakwa chokaa,
abiria washuke wapige picha.
Nawapa dakika kumi. Mimi sishuki.
Nimeyazoea maji yale mawili chini ya genge:
yanayotoka kusini, mazito,
rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa kikombeni;
yanayotoka mashariki, kijani cha chupa kuukuu;
na kati yake mstari,
mshono wa fundi aliyekuwa na haraka.

Jumanne ile abiria alikuwa mmoja,
Abi Yangdol, wa nyumba yenye miaprikoti nyuma ya shule.
(Abi, ndivyo tunavyowaita bibi zetu.)
Kwapani chupa ya plastiki,
imeoshwa, karatasi yake imebanduliwa kwa kucha.
"Dada yangu kalazwa Leh. Kaacha kula.
Anataka maji ya kwetu."

Kwao ni Zanskar, siku nzima ya njia,
na njia ilikuwa chini ya kifusi tangu Ijumaa,
tingatinga za jeshi zikiukwangua mlima
kama mtoto na ukoko.
Nikasema: Abi, Zanskar wenyewe unashuka mpaka hapa.
Akanitazama
kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tukateremka kwa njia ya vumbi ya mashua za mpira,
tukawapita vijana wenye kofia ngumu
wakinywa supu ya tambi,
wamelowa, wanacheka, wazima kupita kiasi,
mpaka kwenye ncha ya kokoto.
Nilidhani atachota twende. Akausimamia mto
kama anayehesabu mbuzi wakirudi zizini.
"Umenenepa," akauambia.
Kisha, kwangu: "Mwaka nilioletwa kuolewa tulipita juu ya barafu.
Siku nane. Baba mbele, anagonga kwa fimbo:
ikijibu nzito, piteni; ikijibu nyepesi, laleni pangoni.
Mto sikuuona. Niliusikia chini ya nyayo,
ukijisemea kama mpishi."

Halafu: "Kuanzia hapa unaitwaje?"
Sindhu.
"Yote miwili?"
Yote, Abi. Mpaka Pakistani, mpaka baharini.
"Lakini kiangazi huu wetu ndio mkubwa."
Ndio mkubwa.
"Na jina likabaki la mwenzake."

Dereva hujua wakati wa kunyamaza.
Miaka arobaini na sita Nimmu humwita Yule wa Zanskar;
alipokwenda Zanskar kumzika mama yake
wakamkaribisha: Mgeni wa Nimmu, kaa hapa, karibu na moto.

Tunapaita makutano. Neno lina haraka.
Watu hukutana sokoni, wakajuliana hali,
kila mtu akashika kapu lake.
Haya maji yalikwenda bega kwa bega bila salamu,
hatua mia, mia mbili,
tope huku, kijani kule,
halafu mahali ambapo kidole changu hakikuweza kupaonyesha
hapakuwa tena na la kubishania.

Alikuwa amechuchumaa upande wa tope, upande wa kwao,
mdomo wa chupa umeshagusa maji.
Akaitoa.
Akasogea hatua nne, gauni likilowa magotini,
akaizamisha kwenye mshono.

Abi, hapo yameshachanganyika.

"Na yeye je? Kauza sufi Leh tangu hajaota meno ya pili.
Nikimpelekea matupu atauliza ni ya nani."

Tulipofika Phey tope lilikuwa limetua, unene wa kidole,
na juu yake maji maangavu, kama hayajui mlima.
Aliishika chupa mapajani kwa mikono miwili.
Karibu na kambi ya jeshi nikaingia shimo nisiloliona.
Chupa ikaruka, yakavurugika yote, rangi moja.
Nikaomba radhi, nikakanyaga breki.

"Endesha," akasema. "Usipunguze."